Uzi: Blatten, kijiji cha Uswisi kilichofukiwa na mlima, wenyeji wakiwa wameshatoka

Mpare Ughaibuni (mleta uzi)

Wakuu, heshima mbele.

Tangu mwezi wa tano naona humu watu wanarushiana ile video ya vumbi linaloshuka mlimani huko Uswisi na kumeza kijiji. Maelezo yake ni kichekesho kitupu: mara volkano, mara video imetengenezwa na kompyuta, mara watu 300 wamekufa. Nikavumilia. Juzi shemeji yangu kanitumia sauti ya dakika saba kutoka Same akinipa pole kwa "wale mia tatu", nikaona sasa imetosha.

Kijiji kinaitwa Blatten, kiko bonde la Lötschental, kantoni (mkoa wa Kiswisi) ya Wallis. Mimi naishi Visp, mji wa chini bondeni, mwaka wa tisa huu, niko jikoni kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Blatten nimefika mara nne kikiwa hai, mara tatu kati ya hizo kwa mwaliko wa mama mmoja ninayefanya naye kazi, mzaliwa wa pale. Nitamwita Mama B. Nilimwomba ruhusa ya kuandika, akasema andika, jina acha.

Njia yenyewe ni hadithi. Unatoka Visp hadi Brig, unapanda treni ya mlimani ya zamani, reli ya mwaka 1913. Unashukia Goppenstein, mdomoni mwa handaki la kilomita 14 na ushee. Treni za kasi siku hizi zinapita handaki jipya la chini, kilomita 34.6, lililofunguliwa 2007, kwa hiyo abiria anayekwenda Bern hajui kama juu ya kichwa chake kuna watu wanakamua ng'ombe. Goppenstein hakuna kitu: ukuta, reli, upepo. Unapanda basi la njano la posta, linapita kwenye barabara iliyoezekwa zege ili theluji ikiporomoka ipite juu ya paa. Halafu ghafla bonde linafunguka. Vijiji vinne vimefuatana kando ya mto Lonza: Ferden, Kippel, Wiler, na cha mwisho ndicho Blatten, mita 1,540 juu ya usawa wa bahari. Mbele yake ni malisho ya Fafleralp, na baada ya hapo barafu tupu. Upande wa kusini umesimamiwa na Bietschhorn, mita 3,934. Ule mlima haukutazami kwa wema hata siku ya jua.

(Jina Lonza kama umewahi kulisikia, ni ile kampuni ya kemikali. Ilianza 1897 kule Gampel kwa umeme wa maji ya mto huu, ikachukua na jina. Kiwanda chake kikubwa kiko hapa Visp, na malighafi ya chanjo ya Moderna wakati wa korona ilipikwa humo.)

Nyumba za Blatten zilikuwa za magogo ya Lärche, mti wa jamii ya msonobari, yaliyochomwa na jua mpaka yakawa meusi kama chungu cha makande. Zimebanana, paa linakaribia paa, kwa sababu ardhi isiyofikiwa na maporomoko ya theluji ni haba, na palipo salama ndipo mnapojazana. Kilichonishangaza siku ya kwanza ni vihenge. Kihenge cha kule kinasimama kwa miguu ya mbao, na juu ya kila mguu, kabla ya kufika sakafuni, wameweka bamba la jiwe la mviringo, pana kama sinia. Nikamuuliza Mama B kazi yake nini. Hakujibu. Akatembeza vidole viwili kwenye ule mguu kama panya anayepanda, vikafika kwenye jiwe, vikashindwa kuzunguka ukingo, vikaanguka. Somo likaisha, tukaenda kula.

Naendelea chini, simu inaita.

Kitimoto Sugu

Nimeweka kambi hapa. Mwenye maandazi asogee.

Nyuki wa Singida

Mleta uzi usitufanyie kama wale wa "itaendelea" halafu unapotea mwaka mzima. Shusha.

Mpare Ughaibuni

Nimerudi.

Juu ya kijiji, ng'ambo ya mto, kulikuwa na mto wa barafu, yaani barafu nene inayotambaa mlimani polepole sana, uitwao Birch, na juu yake kilele kidogo, Kleines Nesthorn. Katikati ya Mei 2025 kilele kikaanza kumeguka. Mawe hayakuanguka bondeni, yaliangukia kwenye barafu na kukaa pale, mamilioni ya mita za ujazo. Mei 19 kijiji kizima kikaamriwa kuondoka, watu kama 300. Hata mifugo iliondolewa. Ng'ombe mmoja aliyekuwa na jeraha mguuni alibebwa kwa helikopta, ananing'inia kwenye kamba kama mzigo wa sokoni, picha zake zilizunguka nchi nzima.

Mama B alipata saa chache. Alichukua nguo za siku tano, dawa za presha za mumewe, faili la karatasi za nyumba, na jibini moja zima kwa sababu "nikirudi panya watakuwa wamelila". Wiki moja kabla alikuwa amepanda viazi. Alipofika kazini kesho yake, alichokuwa analalamikia ni viazi: nani atavipalilia.

Mei 28, saa tisa na dakika 24 alasiri. Tulikuwa jikoni wote wawili. Yeye anakanda unga, simu yake iko kwenye meza ya chuma. Ikaita, ikatetemeka mezani, ikanyamaza. Ikaita tena. Hakupokea, mikono ina unga. Ilipoita mara ya nne akaigusa kwa kiwiko, akasoma, akafuta mikono polepole, kidole kimoja kimoja, akatoka nje kwenye mapipa ya taka. Alikaa huko kama dakika kumi. Akarudi, akamalizia kukanda.

Barafu yote ilikuwa imeshuka pamoja na mawe iliyobeba. Vipimo vya matetemeko vya nchi vilisajili mtikisiko wa 3.1. Takriban asilimia 90 ya kijiji ikafukiwa, na kifusi kikaziba mto Lonza, maji yakarudi nyuma yakageuka ziwa, yakazamisha sehemu kubwa ya nyumba zilizokuwa zimesalia. Kanisa, shule, vile vihenge, kwisha. Walioishi chini ya bonde, Gampel na Steg, walikaa roho juu wakiogopa ziwa lisipasuke. Bwawa la umeme la Ferden likafunguliwa maji yote yatoke, ili kama ziwa likipasuka lipate pa kuingilia. Halikupasuka, mto ukajitafutia njia juu ya kifusi.

Aliyekufa ni mmoja, mzee wa miaka 64 aliyekuwa nje ya eneo lililoamriwa kuhamwa. Mabaki yake yalipatikana Juni. Mmoja, siyo mia tatu. Shemeji yangu kama unasoma, ndiyo hivyo.

Mwana Katesh

Mleta uzi umenigusa pabaya. Sisi Hanang, Desemba 3, 2023, Jumapili alfajiri. Wengine walikuwa usingizini. Mimi nilisikia kishindo nikadhani lori limepinduka, kutoka nje nikaona mti unatembea. Mti mzima, umesimama wima, unatembea barabarani kwenye tope. Naomba kuuliza bila ugomvi: hao wenzetu walijuaje siku tisa kabla?

Mpare Ughaibuni

Pole sana mkuu.

Ule mto wa barafu ulikuwa na historia mbaya, tangu miaka ya 1990 ulikuwa unafuatiliwa kwa sababu ulishawahi kumwaga vipande. Kilele kilipoanza kumeguka wakaweka kamera na rada, rada inapima mlima umesogea kiasi gani hata usiku na mawingu. Siku za mwisho barafu ilikuwa inakwenda kasi ya mita 10 kwa siku. Barafu ya kawaida mlimani inachukua wiki nyingi kwenda hivyo. Mtu akiona namba kama hiyo hahitaji shahada.

Ila nikuambie ukweli ambao watalii hawauoni: mashine hazikuwaondoa watu. Watu waliondoka kwa sababu waliambiwa ondokeni wakakubali. Mama B alinuna, alisema mlima huu ameutazama miaka sitini, lakini aliondoka. Kule kwao tangu utotoni kengele ikilia hampigi kura. Theluji imewafundisha hivyo.

Halafu tusilinganishe kwa haraka. Tope la Hanang lilitokana na mvua kubwa kwenye udongo wa mlima ulioloa, lilikuja mara moja. Huku mlima uliwaonyesha dalili kwa siku nyingi. Mkipata siku tisa mna bahati.

Mwalimu Mstaafu Kilosa

Niongeze la historia maana nimesomesha jiografia miaka 31. Waswisi hawakuzaliwa wajanja, wamelipa ada. Goldau, Septemba 2, 1806: mlima uliporomoka baada ya mvua, ukaua watu 457. Elm, Septemba 11, 1881: zaidi ya watu 110. Hii ya Elm nilikuwa nawasimulia wanafunzi kwa makusudi, kwa sababu wanakijiji wenyewe walikuwa wanachimba mlima kwa chini kutoa mawe ya kutengenezea vibao vya kuandikia vya shule. Mlima wenye nyufa, watu wanauona, na uchimbaji unaendelea. Siku ilipofika kuna waliosimama kutazama mawe ya kwanza yakianguka.

Na jingine la juzi juzi: Brienz kule Graubünden. Walihamishwa Mei 2023, watu wakanung'unika kwamba hakuna kitu kinachoanguka. Usiku wa Juni 15 kuamkia 16 mlima ukashuka, ukasimama karibu kabisa na shule, kijiji kikapona. Novemba 2024 wakahamishwa tena.

Kitimoto Sugu

Mwalimu heshima yako. Ulikuwa unachapa?

Mwalimu Mstaafu Kilosa

Asiyejua kutofautisha Alps na Andes, ndiyo.

Bandari Salama

Mimi niwe adui wa uzi. Watu 300, wengi wazee, kwenye bonde la mwisho wa dunia, mlima bado unameguka. Kwa nini wajengewe tena huko huko? Wapewe chao wahamie mjini, basi. Kodi ya watu wa Zurich ndiyo inakwenda kulipia jiko la jibini la mtu.

Mpare Ughaibuni

Huna uadui, swali lako huku limeulizwa sana, na limewauma watu wa milimani kuliko mawe yenyewe.

Kwanza pesa. Hasara ya kulipwa na bima ilikadiriwa faranga milioni 320. Sehemu kubwa hiyo ni mikataba ya watu wenyewe. Uswisi ukikata bima ya moto ya nyumba, majanga ya asili yamo humo humo kisheria: mafuriko, theluji, mawe. (Tetemeko la ardhi halimo, usiniulize kwa nini, nimeuliza ofisi ya bima nikapewa kijitabu cha kurasa 40.) Kantoni nyingi zinalazimisha kila jengo kuwa na bima ya kantoni, Wallis ni kati ya chache ambazo hazilazimishi, kwa hiyo pale kila mtu na kampuni yake. Serikali kuu ilitoa milioni tano za haraka. Kwa hiyo hayo maneno ya kodi ya Zurich yana ukweli ila siyo kwa kiasi kinachosemwa vijiweni.

Pili, mwenyekiti wa kijiji, Matthias Bellwald, alishasema wazi kwamba watarudi, na baadaye wakajiwekea lengo la miaka mitatu hadi mitano. Vitongoji vya juu kama Weissenried kifusi hakikuvifikia, hawaanzi kwenye sifuri.

Mimi binafsi? Nisingejenga. Nimesimama Wiler mwezi wa nane nikatazama juu, kile kifusi ni cha rangi ya majivu, hakina umbo, kimelala bondeni kama kitu kilichotapikwa. Kimya. Sauti pekee ni maji. Nikajiambia kwetu Gonja tungehama.

Lakini mimi si wa pale. Lile bonde lina Kijerumani chake ambacho hata Mswisi wa Zurich anakisikiliza kwa kukunja uso. Wana Tschäggättä: kati ya Februari 2 na Jumanne ya kabla ya Kwaresima wanaume wanavaa vinyago vya mbao vya kutisha, meno ya ng'ombe, ngozi ya mbuzi mwilini, kengele kiunoni, wanafukuza watu vijijini na kuwapaka theluji usoni. Zamani waliruhusiwa vijana wasiooa tu. Nilikutana na mmoja 2019 usiku Wiler. Mimi mtoto wa kiume wa Kipare niliyelelewa nikisikia habari za misitu ya matambiko, nilikimbia nikaacha kiatu kimoja kwenye theluji. Mama B alikicheka kisa hicho mwaka mzima. Kiatu aliniletea.

Sasa watawanye watu hao, familia mbili Visp, tatu Bern, moja Basel. Kinyago utamvalia nani Bern? Polisi watakukamata.

Bandari Salama

Hapo kwenye kiatu umenishinda. Kwenye pesa bado nakataa.

Mpare Ughaibuni

Kataa tu mkuu, hata kwenye meza yetu ya chai jikoni tuko nusu kwa nusu.

Omwami wa Ikolomani

Salamu kutoka Kakamega. Nimesikia Wallis wana ng'ombe wa kupigana kama sisi huku. Ni kweli ama ni stori?

Mpare Ughaibuni

Kweli kabisa ndugu. Aina inaitwa Eringer, wafupi, weusi, kifua kama mlango. Tofauti na nyinyi, huku wanaopigana ni majike. Wakipandishwa malishoni mwezi wa sita wanapimana wenyewe nani mkubwa wa kundi, hakuna anayewachokoza, na watu wakageuza kuwa mashindano yenye viingilio. Anayeshinda anaitwa malkia. Hakuna kuuana, anayeona kazidiwa anageuka anaondoka na heshima yake. Siku niliyokwenda nilimwona mzee mmoja analia kwa sababu malkia wake kageuka.

Omwami wa Ikolomani

Hapo ni nyumbani kabisa. Sisi fahali akikimbia mwenyewe pia hukimbia, madeni ya ubashiri.

Nyuki wa Singida

Turudi kwenye barafu. Hii ni tabianchi au si tabianchi? Jibu moja tafadhali.

Mpare Ughaibuni

Jibu moja huna, na wataalamu wenyewe hawakukubali kuulizwa hivyo. Milima mirefu ya kule ndani ya nyufa zake ina barafu ya kudumu inayoshika mawe kama saruji. Joto likipanda ile saruji inalegea. Hilo linajulikana. Barafu za Uswisi zilipoteza asilimia 6 ya ujazo wake mwaka 2022 na asilimia 4 mwaka 2023, asilimia 10 kwa miaka miwili. Hilo nalo linajulikana. Lakini kusema kipande hiki kilianguka siku hii kwa sababu hiyo peke yake, hakuna aliyesema, milima imekuwa ikianguka tangu enzi za Mwalimu Kilosa hajazaliwa.

Cha ajabu ni kwamba huu mto wa Birch kwa miaka kadhaa ulikuwa unasogea mbele wakati wenzake karibu wote wanarudi nyuma. Mawe yaliyouangukia kidogo kidogo yaliufunika jua lisiufikie, na uzito wake ukausukuma. Kisha Mei likaja lile rundo kubwa. Chukua kipande cha sabuni kilicholoa, kiweke kwenye bati la paa, halafu kibandike gunia la mahindi. Ndicho kilichotokea.

Dada wa Moshi Mjini

Mimi nimesoma kimya kimya, nina swali la kike. Mama B anaishi wapi sasa? Na zile nguo za siku tano?

Mpare Ughaibuni

Anaishi Kippel, nyumba ya likizo ya watu wa mjini waliompa funguo. Vitanda vya watoto chumba cha pili, picha za watu asiowajua ukutani, hajazitoa, anasema wenyewe wana sura nzuri. Nguo alipewa nyingi mno. Tatizo lilikuwa vijiko. Kila mtu alileta nguo, hakuna aliyeleta vijiko, wiki mbili walikuwa wanakorogea chai kwa mpini wa uma.

Kazini anakuja kama kawaida. Jibini lile hakulikata mpaka mwezi wa nane. Nilikuwepo. Alilitoa kwenye kitambaa, akalipima kwa kiganja, mumewe akageuza uso dirishani. Akakata vipande vyembamba vile vya kuona mwanga, akatugawia pamoja na ule mkate wao mweusi mgumu ambao ukikosea unapoteza jino. Hakuna aliyesema kitu. Lilikuwa limekauka kidogo pembeni.

Kitimoto Sugu

Nilikuja kucheka humu. Haya, viazi je? Au vilizikwa hukohuko?

Mpare Ughaibuni

Vya Blatten viko chini ya mawe na barafu, mita nyingi.

Mwishoni mwa Juni jirani yake wa Kippel alimwachia tuta moja nyuma ya zizi. Nikamwambia umechelewa, Juni inaisha, baridi itavikuta. Akaniangalia kama nimemtukana, akapanda. Jumapili iliyopita tumevichimba, mimi na yeye na mumewe, mvua ya manyunyu, vidole vimekufa ganzi. Vimetoka debe moja kasoro, vingi vidogo kama mayai ya kware. Vikubwa kaviweka sandukuni, kavifunika na gazeti. Nikauliza hivyo ni vya kula Krismasi? Akasema hivyo ni mbegu.

Picha nashindwa kupakia, inagoma. Nikifika nyumbani najaribu tena.